Meli ya Juma na Rafadha Iliyobaki Majini

Nakumbuka Jumamosi moja bwawani mtaani kwetu, hapa Thornton Heath, mwanangu. Usicheke nikikuita hivyo. Mimi nina miaka kumi na sita, wewe kumi na mmoja, na aliyekutangulia kuzaliwa amekutangulia kugombezwa.

Klabu yetu ya ufundi ilikuwa inashindanisha meli za mfano. Rafiki yangu Juma aliunda manowari ya kale ya Waingereza, ya zile zilizotumia mvuke na matanga pamoja. Baba yake hutunza wazee kila wikendi, lakini siku ile aliomba kuchelewa kazini ili aione ikifika. Hakuwahi kuja kumtazama Juma kwa lolote, na basi lake lilikuwa linakaribia.

Meli ilikwenda kwa mvuke hadi kwenye gati dogo la mbao. Kutoka pale, tuliposimama mimi na Juma, ilipaswa kurudi kwa upepo hadi ng'ambo alikosimama baba yake. Mabaharia wa zamani, wakishatweka matanga, waliinua rafadha, lile pangaboi la kusukumia meli, itoke majini isiwaburute nyuma. Juma alitweka matanga, rafadha akaiacha chini.

"Upepo ukikata je?" akaniambia.

Mwanangu, meli ilijikokota hadi bata akaipita, tena bata mwenyewe anasinzia. Baba yake akatazama saa, akapaza sauti kutoka ng'ambo: "We Juma! Umevuta breki halafu unangoja upepo ukuhurumie? Inua hicho chuma!"

Juma akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yetu, kwamba ile ni akiba.

"Akiba gani inakuzuia kufika? Inua, nione kabla sijaondoka!"

Meli ilikuwa bado karibu, nikaivuta kwa mwavuli. Juma akasita, kisha akaiinua rafadha. Meli ikainama kidogo, ikashika upepo, ikaenda. Haikushinda kitu; wenzake walishaanza kula sambusa. Lakini baba yake aliipokea mwenyewe, akalowa hadi viwikoni, akapanda basi hivyohivyo.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Basi, mwanangu, tahadhari si vibaya, ila ukishachagua njia usiburute ile uliyoiacha. Na ukionywa mbele za watu, meza aibu ufanye upesi, maana anayekuonya hana siku nzima.

Mungu akukuze, akupe watu wa kukungoja ng'ambo. Asiyeitikia amina kwa dua ya mkubwa wake, akaoshe vyombo.