Salamu Niliyompa Senga

Harufu ya poda bado hunirudisha Nsambya, kwenye kota za polisi tulikoishi, ambako Senga Mwajuma, dada wa baba, alijipodoa mbele ya kioo huku akirudia maneno yake ya jukwaani. Ndiye aliyenilea. Kila Jumapili alicheza tamthilia za Kiganda katika ukumbi mmoja wa Kabalagala. Watazamaji walitafuna karanga, wakajibizana na waigizaji, wakamtahadharisha mke kwamba mumewe anadanganya. Nilipiga kelele kuliko wote.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, rafiki yangu Patricia na mama yake, watu wa Ntinda, mtaa wa matajiri, walinialika kwenye tamthilia ya Kiingereza Jumamosi mchana. Senga hakuniambia kwamba yumo. Alitaka nimwone tu akitokea.

Tulikaa viti vya mbele. Ukumbi ule ulinukia marashi, na watu walikohoa kwa adabu. Senga akatokea na sinia la chai, akiigiza mtumishi wa nyumba, akasema sentensi mbili kwa lafudhi ya Kiganda, r ikikaa mahali pa l. Mama Patricia akatuinamia, akanong'ona kwamba yule ni wa vichekesho vya Kabalagala, na hajui nani kamruhusu kupanda hapa. Patricia akacheka. Nikacheka na mimi.

Mchezo ulipokwisha Senga aliteremka moja kwa moja kwetu, poda ingali usoni, mikono ameifungua. Nilimtazama Mama Patricia, kisha nikanyoosha mkono kama kwa mgeni.

"Shikamoo, mama."

Mikono yake ikashuka taratibu.

"Marahaba, binti," akasema. "Mmeufurahia mchezo?"

Akamshukuru Mama Patricia kwa kuja, akaenda zake.

Jioni alinipakulia matoke, akaniuliza kama nimeshiba. Kwa kuwa alitabasamu, niliamini hakuumia, na sikuomba radhi.

Mwaka juzi, tulipokwisha kumzika, baba alinisimulia kwamba ukumbi ule ulimwita tena mara mbili, tena kwa nafasi kubwa zaidi, naye akakataa. Baba alipomuuliza sababu, alijibu, "Kule hakuna anayenijua."

Hadi leo baba anawalaumu wale matajiri wa viti vya mbele kwa maringo yao. Huwalaani kila tukimkumbuka Senga. Nami humsikiliza, nikiitikia kwa kichwa.