Mpira wa Mafuta

Mpaka leo nikiuona ule mpira mweusi mfupi unaoshusha mafuta ya breki kutoka kwenye kikopo chake hadi pampu ya breki ya nyuma ya pikipiki, damu inanichemka. Hauzidi urefu wa kiganja. Ndio uliomvunja mke wangu mkono, na mke wangu ni msusi, anashinda saluni huku ugenini, mtaa wa Rosettenville, akisuka vichwa vya watu. Mkono wa kulia ndio kazi yake yote.

Mpira wa zamani ulikuwa umeanza kupasuka pale unapobanwa na klipu. Nikaenda mtaa wa Jeppestown kwa fundi mmoja wa Lubumbashi ninayesali naye, nikamwambia nikiwa mlangoni, "Kaka, nikatie mpira wa mafuta, urefu huu," nikampimia kwa vidole. Wa zamani nilikuwa nimeuacha nyumbani. Akakata, nikapokea, nikaenda kuufunga mwenyewe. Nikatoa upepo kwenye breki, nikajiona bingwa.

Kwetu Tanga karibu kila kinachotiririka ndani ya pikipiki ni mafuta. Kwa fundi wangu mafuta ni petroli, basi. Akanipa mpira wa petroli, na huo ukikaa na mafuta ya breki unavimba, unalainika kama andazi lililochovywa kwenye chai, mwisho unachomoka. Ningeuminya kwa vidole mara moja tu kwa wiki ningejua. Ningeona rangi ya fremu chini yake imebabuka, maana yale mafuta yanakula rangi. Lakini mimi, mjinga mimi, kila Jumamosi nilikuwa nang'arisha tangi!

Jumapili moja tulikuwa tunateremka kuelekea robot, taa za barabarani kwa lugha ya huku, mke wangu amekaa nyuma. Nikakanyaga breki, pedali ikazama bila kushika kitu. Nikabana ya mbele kwa nguvu, tairi likateleza, tukaanguka. Mimi nilichubuka goti. Yeye alitanguliza mkono, kifundo kikavunjika.

Kesho yake nilimfuata fundi nikiwa nimepandwa na mori.

"Umetaka kutuua!"

"Yaya, pole sana. Lakini uliniomba tiyo ya mafuta. Ungesema ya freni, ningekupa ya freni." Kwao yaya ni kaka, tiyo ni mpira, freni ni breki.

"Fundi gani haulizi?"

"Na weye, tiyo ya zamani ulitia wapi?"

Nilimtukana mbele ya wateja wake, na mengine siyajutii. Alinikatia mpira mwingine, mnene, ulioandikwa ubavuni kuwa ni wa breki, akaingiza ncha ya pampu kuhakikisha unabana, akanikabidhi bila kunitazama.

Nyumbani niliendelea kufoka. Nikawasema mafundi wote, Wakongo wote, lugha yao yote. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani, plasta hadi kwenye kiwiko, akijiandaa kwenda kumwambia mwenye saluni kwamba hataweza kusuka.

"Kwani wa zamani hukuubeba kwa nini?" akaniuliza.

"Niliukumbuka njiani. Sikutaka kurudi."

"Ulikuwa unawahi nini, baba?"

Nilitamani kudanganya. Nilikuwa bado na hasira, na sikuwa tena na mtu wa kumtupia.

"Mpira," nikasema. "Mechi ilikuwa inaanza."

Alininyooshea mguu nimfunge kamba za kiatu.