Mtoro wa Butiama

Mzee Baltazari, wa kijiji kimoja nyuma ya Butiama, hakuvaa tena viatu vya kamba tangu aliporudi kutoka Uganda. Watoto wake walikua wakidhani ni ubahili. Siku ya harusi ya kitinda mimba wake Rebeka, kule Bunda, mkwe alimletea viatu vyeusi vya ngozi, vipya kabisa. Mzee akashukuru sana, akavifungia sandukuni, kisha akaingia kanisani na makatambuga yake ya tairi. Watu walicheka. Naye akacheka nao, akifurahi kwamba hakuna aliyeuliza zaidi.

Jambo jingine walilolizoea watu ni woga wake wa sare. Awe polisi wa barabarani, awe askari wa wanyamapori aliyekuja kuulizia tembo walioharibu mihogo, Baltazari akiona kofia na mkanda hukumbuka ghafla kwamba kuna ng'ombe hajamfunga. Kwa zaidi ya miaka arobaini alimkumbuka ng'ombe huyohuyo. Sisi tunaweza kucheka, lakini yeye alikuwa akijificha kwelikweli. Kila sare aliyoiona alidhani imekuja kumchukua, kwa sababu katika kumbukumbu za jeshi Baltazari ni mtoro.

Vita hakuikimbia. Alikwenda mwaka wa sabini na nane, kijana wa mgambo, akapigana mpaka mwisho. Vita ilipokwisha alipewa ruhusa ya wiki mbili aje kumzika baba yake. Alipofika mlangoni, baba yake mkubwa alimzuia kwa fimbo akamuuliza kama amemwaga damu ya mtu. Baltazari akaitikia kwa kichwa. Basi, hakuingia ndani. Kwa desturi ya kwao, aliyeua hakanyagi nyumbani, hagusi mtoto wala hali sahani moja na mtu mpaka asafishwe.

Akawekwa kwenye kibanda kando ya zizi. Mkewe Wankyo, ambaye ndoa yake haikuwa imetimiza hata mwaka, alimletea ugali kwenye kigae cha chungu, akauweka juu ya jiwe, akageuka na kuondoka bila kumtazama. Mzee wa kusafisha alikuwa amesafiri upande wa Serengeti na hakuna aliyejua atarudi lini. Ruhusa ikaisha. Mwezi ukaisha, na mwingine. Alipochinjiwa kondoo, akanyolewa na kupakwa uchafu wa tumbo la kondoo yule, alipewa onyo moja la mwisho: yule uliyemuua usimtaje tena kwa kinywa chako. Ukimtaja umemwita, na akija haji kwako, anakuja kwa watoto wako.

Baltazari akafunga safari kurudi kambini. Alipofika Bunda akakutana na Mayala, mwenzake wa kikosi kimoja, ambaye alikuwa ametoka hukohuko. Mayala akamwambia jina lake limesomwa mbele ya gwaride kuwa ni mtoro, na watoro waliokamatwa wako mahabusu. Baltazari aligeuza palepale akarudi nyumbani. Hilo ndilo kosa lake lote.

Mwaka jana Mayala akafariki. Wanajeshi walikuja Bunda kumzika, na nishani yake ya vita ikawekwa juu ya jeneza. Chini ya turubai mtu mmoja akamuuliza Baltazari kwa sauti, "Si mulienda wote, wewe? Ya kwako iko wapi?"

Mwingine akamjibia. "Huyu si alikimbiaga."

Rebeka alikuwa akigawa chakula. Alisikia, akaweka sahani chini. Wageni walipopungua akamfuata baba yake.

"Baba, ulikimbia?"

"Sikukimbia."

"Basi twende Musoma, ofisi ya jeshi, ukaseme. Wanapokea maombi ya kurekebisha kumbukumbu. Mimi sitaki kukuzika unaitwa mtoro."

Naye hakutaka kuzikwa hivyo. Tangu siku ile ya turubai alikuwa hali akashiba. Lakini angeelezaje kuchelewa kwake bila kumtaja aliyemuua? Na Rebeka, baada ya kuharibikiwa na mimba mara mbili, sasa alikuwa na tumbo la miezi saba. Baltazari alilitazama tumbo lile akaogopa kuliko alivyoogopa Uganda.

Mwishowe alikwenda, maana binti yake hakumpa nafasi ya kupumua. Alifunga blanketi na mswaki kwenye mfuko kwa ajili ya mahabusu, akamuaga Wankyo kama mtu ambaye harudi.

Pale ofisini Musoma aliyewapokea alikuwa luteni mwanamke, kijana wa kuweza kuwa mjukuu wake. "Shikamoo, mzee," akasema. Macho ya Baltazari yalikuwa yameona chini ya meza buti nyeusi, zimefungwa kamba vizuri mpaka juu.

"Mzee, inaonekana ulipewa ruhusa, hukurudi. Ulikuwa wapi?"

Baltazari akamgeukia Rebeka. "Toka nje, mwanangu. Nenda mbali, mpaka getini kule."

"Baba, kuna nini?"

"Toka!"

Alisubiri mpaka alipomwona amefika getini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo mpaka luteni akainama mbele. "Kulikuwa na kijana, kwenye migomba. Amekaa chini, anafunga buti. Moja ameshafunga, ya pili bado. Akaniona. Akaendelea kufunga, kama vile atamaliza tu. Nikampiga." Halafu akaeleza habari ya kibanda na kondoo, na jinsi siku zilivyopita.

Luteni aliandika yote. Alipomaliza akasema sharti amsomee maelezo yake, akaanza kuyasoma kwa sauti. Baltazari aliposikia yule kijana akitajwa tena, na kwa kinywa kingine, aliinuka akafunga dirisha la upande wa geti.

"Hakuna anayekukamata, mzee," luteni akamwambia mwishoni. "Nishani siwezi kukuahidi, wataamua makao makuu. Lakini hilo neno la utoro nitaomba lifutwe."

Kauli hiyo aliingoja miaka yote ile, na sasa haikumwingia. Ndani ya basi hakukubali kukaa kiti kimoja na Rebeka. Waliposimama Makutano, yeye ashuke aende Butiama na Rebeka aendelee Bunda, binti alimpa mkono. Baltazari akaficha wake ndani ya blanketi.

"Ukifika, piga simu kwa mama yako," akasema. "Usikawie."

Nyumbani hakupita mlangoni. Kibanda kile kilishaanguka zamani, hivyo alitandika blanketi palepale kando ya zizi. Wankyo akamwona, akaja akijikongoja kwa magoti yake mabovu.

"Baba Rebeka, mbona huku?"

"Usinisogelee. Nimemtaja." Akasogea nyuma. "Rebeka amepiga?"

"Bado."

"Niletee chakula huku. Weka juu ya jiwe."

Wankyo akarudi jikoni. Alipokuja na sinia, Baltazari aligeuza uso zizini asimwone akimpa mgongo kama zamani. Badala ya hatua za kuondoka akasikia maji yakimiminwa. Alipogeuka, mkewe alikuwa amekaa chini, ameweka simu karibu na sinia, ananawa mikono.

"Wankyo, hapana. Usile na mimi."

"Siku zile nilikuwa mtoto," Wankyo akasema. "Niliambiwa nikupe mgongo, nikakupa. Nilikuwaga nikifika nyuma ya nyumba, nalia."

Akamega ugali kwenye sinia moja na yeye, akachovya kwenye dagaa, akala. Simu ilikuwa haijalia bado. Wote wawili waliitazama.

"Kula na wewe," akamwambia. "Tutamngoja wote."