Kopo Juu ya Jiwe

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa barazani kwangu, Ngamiani, nachambua mchele, kazi ambayo mke wangu hanipi ila goti lake likimsumbua. Mama Dina akapita na kikapu kimejaa mchunga. Yeye ni jirani yangu, nyumba ya tatu, mshona nguo. Yeye na wenzake wapatao kumi na tano ni Wayahudi, na kila Jumamosi wanasali sebuleni kwake. Mtaa ulikwisha kuacha kushangaa zamani.

"Shikamoo, Mzee Bakari."

"Marahaba, mwanangu. Mchunga wote huo! Una mgonjwa wa sukari?"

Akacheka. "Wa Pasaka huu, mzee. Si ile ya kanisani. Yetu sisi, ya Nabii Musa na Firauni. Tunakula kitu kichungu tuukumbuke utumwa. Karibu Jumatano, jua likizama. Uje na mama."

"Mama na goti lile hafiki. Nitakuja mwenyewe. Tena Pasaka yenu nimeshaila mara moja."

Akasimama. "Wapi?"

"Vitani. Uganda."

Akatua kikapu chini. "Basi utatusimulia mezani. Siku ile kusimulia ndiyo ibada yenyewe."

Nikakubali, na alipoondoka tu nikajuta. Kisa kile nina namna yangu ya kukisimulia, na namna hiyo inawaaibisha watu walionilisha. Mimi ni mtu wa kinyongo, sikatai. Kwa miaka zaidi ya arubaini nimekuwa na kinyongo na maiti, na sasa nilitakiwa nikakiseme mbele ya ndugu zao wa imani.

Ilikuwa vita ya kumng'oa yule tuliyemwita nduli. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mtu wa Pangani, sijui baridi wala migomba isiyo na mwisho. Rafiki yangu kikosini alikuwa Kibwana, Mdigo wa Maramba, mwenye maneno mengi kuliko risasi. Asubuhi ya siku yenyewe tuligawiwa biskuti, kila mtu na kopo lake, bati la kijani lenye maandishi ya Kiswahili ubavuni. Kibwana akasema biskuti zile hazikuokwa ili ziliwe, zimeokwa tumrushie adui zikituishia risasi. Tulicheka mpaka sajini akatufokea. Kisha tukatumwa watu sita mbele ya jeshi, tukaangalie kama daraja fulani limetegwa mabomu.

Hatukufika darajani.

Alasiri tulipigwa kutoka migombani. Wenzetu wanne waliruka upande wa pili wa barabara. Sisi wawili tukabaki upande huu.

Kibwana alipigwa pajani.

Nilimfunga kwa kitambaa na mkanda wangu, nikamkokota kupanda kilima. Hakulia. Alikuwa amenyamaza, na Kibwana akinyamaza ujue pana jambo.

Jua likizama tukaona nyumba.

Ilikuwa ya udongo na bati, madirisha yamezibwa kwa magunia. Hapakuwa na mbwa wala moshi, na hata kuku hakusikika. Lakini penye tundu la gunia palikuwa na mwanga. Nikamwegemeza Kibwana ukutani, nikachungulia.

Ndani mlikuwa na watu kumi na zaidi, wamevaa nguo nyeupe, wamezunguka meza. Walikuwa wanaimba. Midomo ilikwenda pamoja, vichwa viliyumba kwa mdundo mmoja, shingo za wanaume zilitoka mishipa. Sauti haikuwapo. Watoto walikuwa wanapiga makofi, na viganja vyao vilisimama kabla ya kugusana. Nilidhani mlio wa bunduki umeniziba masikio. Nikasikiliza, nikamsikia Kibwana anahema kando yangu. Masikio yalikuwa mazima.

Akachungulia na yeye. Nikamwona anaanza kusoma Ayatul Kursiy.

"Hawa si watu, yakhe," akaninong'oneza. "Tuondoke."

Mlango ukafunguka.

Mwanamke mtu mzima alisimama kizingitini. Hakututazama sisi. Alitazama giza lililo mbele yake, akatamka maneno machache kwa lugha yao, taratibu, jinsi unavyomkaribisha mtu uliyemngojea. Palepale pasipokuwa na mtu.

Nikatoka ukutani.

Hakupiga kelele. Alinitazama usoni, akatazama bunduki, akamtazama Kibwana na damu yake. Kisha akasogea pembeni tupite.

Mezani palikuwa na kiti kimoja kitupu, na mbele yake kikombe kimejazwa mpaka ukingoni. Wote walinitazama mimi, wakakitazama kiti. Hakuna aliyeonekana kushtuka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Mwenye nyumba alikuwa mzee mwembamba. Alijua Kiswahili, alifanya kazi reli ya Mombasa ujanani.

"Kaa," akaniambia. "Kila mwaka siku ya leo tunamfungulia mlango Nabii Eliya. Nyinyi mnamwita Ilyasi. Kikombe ni chake. Sijawahi kuona mtu nje."

"Mbona mnaimba bila sauti?"

"Sisi ni Wayahudi, na leo ni Pasaka yetu. Dini yetu imepigwa marufuku. Miaka yote hii tunaimba hivi." Akawaonyesha watoto kwa kidevu. "Hawa wadogo wimbo wenyewe hawajawahi kuusikia. Wanaujua midomo tu."

Niliketi. Nilikuwa na kiu, na kikombe kilikuwa mbele yangu, nikanywa. Yalikuwa maji ya ndizi mbivu, matamu. Mtoto mmoja wa kike alishusha pumzi, akanikodolea macho mpaka mwisho wa chakula. Walitupa mikate myembamba, mikavu, iliyoungua madoa, na majani machungu niliyoyala kwa furaha maana yalinikumbusha mchunga wa kwetu. Nilidhani ni umaskini ndio uliofanya mkate wao usiumuke. Mke wa mwenye nyumba akachukua bakuli la maji ya chumvi lililokuwa mezani, akamwosha Kibwana jeraha. Wakatulaza chini ya meza ileile, na mzee akakaa mlangoni hadi alfajiri.

Kabla ya kuondoka nilitaka kuwapa kitu. Sikuwa na kitu ila lile kopo la biskuti, chakula changu cha siku tatu. Nikamkabidhi mzee. Alilitazama, akatazamana na mkewe. Kisha akalipokea kwa mikono miwili, akainama, akanishukuru kuliko zawadi yenyewe ilivyostahili. Akatusindikiza mpaka njia ya bondeni, Kibwana ananiegemea, na huko chini tukawakuta watu wetu.

Siku ya nne jeshi lilipita pale. Nikaomba ruhusa nipande kilimani.

Bati lilikuwa limeangukia ndani.

Kuta zilikuwa nyeusi. Magunia ya madirishani yalikuwa majivu.

Mzee na mkewe walikuwa wamekwisha kuzikwa, migombani. Wengine walikuwa wamekimbia, na hakuna aliyejua walikoelekea.

Jirani mmoja, mwanamke aliyejua Kiswahili cha kuokoteza, ndiye aliyeniambia. Asubuhi ileile tuliyoondoka walipita askari wa nduli, wanarudi nyuma, wana njaa. Pengine wangepita tu. Lakini nje ya nyumba, juu ya jiwe kando ya mlango, palikuwa na kopo la kijani limewekwa wima. Waliliona toka njiani. Mmoja alijua kusoma. Wakamuuliza mzee Watanzania wako wapi. Hakuwajibu.

"Na biskuti?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Walizila hapohapo," akasema.

Hapo ndipo kinyongo kilipoanza. Watu wale walikuwa na njaa, niliziona mbavu za watoto. Mtu mwenye njaa anapewa kopo zima la biskuti, analiweka nje? Nikapata jibu langu mwenyewe: walitudharau. Chakula cha askari, chakula cha Mwislamu, kwao najisi. Wangelificha ndani wangekuwa hai. Wangezila tu. Kibwana alirudi kwao Maramba na mguu wa kuchechemea, na kila Idi tulipokutana yeye ndiye aliyeanza: "Wangezila tu, Bakari." Nami namjibu, "Wangezila tu." Tulisema hivyo hadi mwaka aliofariki. Sitaficha, maneno yale yalitusaidia. Nililala vizuri kwa sababu yake.

Jumatano ikafika. Mke wangu hawezi kukuacha uende kwa watu mikono mitupu, akanifungia boflo mbili za moto, zimetoka tanurini muda uleule. Nikabisha hodi jua likiwa linazama. Mama Dina akatoka na nguo nyeupe.

"Karibu, mzee wangu."

Nikampa mzigo. Akaupokea kwa mikono miwili, akasikia joto la mkate, na uso wake ukabadilika kidogo. Akatazama nyuma, kisha akanitazama mimi.

"Ahsante sana, na mama umshukuru. Lakini acha nikwambie jambo, usije ukanielewa vibaya. Wiki hii yote, kitu cha ngano kilichoumuka hakiingii ndani kwetu. Hata kipande. Tumefagia nyumba nzima. Huu nitaupeleka kwa jirani."

"Si mkate tu?" nikauliza. "Kwa mfano biskuti?"

"Hata biskuti."

"Na kama mgeni hajui, ameleta?"

"Wengine wanaona aibu kumwambia. Wanapokea, wanashukuru, halafu wanaiweka nje ya mlango." Akanishika mkono. "Mzee? Mzee Bakari, una nini?"

Nilikuwa nimeshakaa kwenye ngazi. Aliniletea maji. Nilimwambia ni joto.

Mle ndani walinipa kiti karibu na feni. Waliimba, na waliimba kwa sauti kubwa mpaka madrasa ya jirani wanafunzi wakanyamaza. Mimi nilikuwa naitazama midomo yao. Wimbo mmoja niliutambua kabla haujaingia masikioni, kwa vichwa vilivyoyumba na mahali makofi yalipoangukia. Safari hii viganja viligusana. Kila makofi yalipolia nilishtuka, na mtoto wa Mama Dina akanicheka.

Kisha wakanitaka nisimulie. Nikasimulia yote, na nikasema na kile kinyongo, na maneno niliyokuwa nikiyasema na Kibwana, maana kuyaficha kungekuwa kuwadharau marehemu mara ya pili. Nikawaambia nilivyoelewa ngazini. Yule mzee hakutudharau. Alipewa chakula kisichoweza kuingia nyumbani mwake, na aliyempa ni mgeni aliyekaa kwenye kiti cha Nabii. Angeweza kulitupa kopo migombani, lakini ilikuwa zawadi, akaiweka pazuri. Angeniambia neno moja ningelirudisha kopo mkobani, na askari wale wangepita na njaa yao. Aliona haya. Na mimi nilimwona akitazamana na mkewe, nikaona kuna jambo, nisiulize, kwa sababu nilikuwa najisikia mkarimu.

Hakuna aliyenilaumu. Ningependa angalau mmoja wao anilaumu.

Mama Dina akafuta macho kwa upande wa kanga. "Tuna dua ya marehemu," akasema. "Tunaisoma kwa majina. Tutamsomea yeye na mkewe. Alikuwa akiitwa nani?"

Wote wakanigeukia.

Niliukumbuka uso wake, mikono yake, na Kiswahili chake cha reli. Nilikula kwake, nikalala kwake, akakesha mlangoni kwa ajili yangu. Jina sikumuuliza, wala la mkewe.

"Sijui," nikasema.

Wakasimama, wakawasomea bila majina.