Muswada Uliosomwa Mara Mbili

Siku hizi watu wa parokia yetu wanamsimulia Mama Jason kama mtakatifu. Mimi niliyekaa mlango unaotazamana na wake sikuuona utakatifu huo. Niliona mwanamke wa Tanga mwenye ulimi mkali aliyependa sukari kupita kiasi.

Jina lake Anita. Ni Mgoa, wa wale Wakatoliki wa Goa ya India iliyotawaliwa na Wareno, mzaliwa wa Ngamiani, aliyefanya ukarani bandarini mpaka alipoolewa na Caetano na kuhamia Toronto miaka ya themanini. Caetano alikufa mapema kwa ugonjwa wa moyo. Nilipohamia jengo lao huko Rexdale, mtaa wa Toronto, nilimkuta mjane mwenye watoto wawili, Jason na Candice, akifanya kazi ya kupokea simu kwa daktari wa meno. Aliposikia kwamba mimi ni Leonce, Mhaya wa Bukoba, Mkatoliki mwenzake, na kwamba Kiswahili changu hakijaoza, alinigongea mlango jioni ileile na birika mkononi. Chai ile ilikuwa shira tupu. Nilimuuliza kama sukari ilimponyoka. Akanijibu kwamba Wahaya hawajui chai, wanajua kutafuna buni tu.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kutaniana, na hivyo ndivyo nilivyomfahamu Jason, kijana mrefu aliyeelewa Kiswahili chote na kujibu chote kwa Kiingereza.

Jason alikufa mwaka 2008, akiwa na miaka ishirini. Alikuwa akisubiri chuo kifunguliwe, na wakala wa vibarua akampeleka kwenye kiwanda cha plastiki karibu na uwanja wa ndege. Ilikuwa wiki yake ya kwanza. Mashine ilimshika mkono, kisha ikamvuta mzima, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumwonyesha jinsi ya kuizima. Kiwanda kikasema kijana huyu si wetu, ni wa wakala. Wakala akasema mashine si yake. Wakasukumiana maiti ya mtoto wa watu, na kwa sheria za wakati ule za jimbo letu la Ontario ajali ikaandikwa kwa wakala, kiwanda kikabaki safi. Mashine iliwashwa tena wiki iliyofuata. Hilo ndilo lililomla Mama Jason.

Baada ya mazishi akina mama fulani walianza kumwita Mama Candice, wakidhani wanampunguzia uchungu. Hakuitika. Alipita katikati yao kama kiziwi mpaka wakarudi kwenye jina lake.

Mbunge wetu katika bunge la Ontario alikuwa Bwana Whitcombe, mzee mwenye tai za rangi za ajabu. Wenyeji walimwita kwa jina lake la kwanza, kama mtu wa kucheza naye karata. Sisi tulimwita Mheshimiwa, na nadhani alilipenda neno hilo kuliko alivyowapenda waliolitamka. Mama Jason alikwenda ofisini kwake, pale kati ya duka la roti na dobi, akakaa kwenye kiti mpaka akaonwa. Whitcombe alilia. Sitamdhulumu, alilia kweli. Akaahidi kupeleka bungeni muswada wake binafsi, wa kukifanya kiwanda kiwajibike sawa na wakala, nao ungeitwa kwa jina la Jason.

Siku hiyo Mama Jason akaweka nadhiri. Kwao Wagoa, na kwetu pia, ukiomba jambo zito unajinyima kitu mpaka jambo liwe. Yeye alimwahidi Bikira Maria kwamba hataonja kitu kitamu mpaka muswada wa Jason uwe sheria. Nilimshauri aache nyama, maana kuacha sukari kwa mtu wa aina yake ni kujitafutia maradhi. Akasema nyama haimuumi.

Tangu hapo chai yake ikawa chungu, na ulimi wake pia. Sherehe za ubatizo alikuja, keki akaipitisha kwa jirani. Krismasi alipika dodoli kwa sukari guru na nazi kama desturi yao, akamwita Candice aonje badala yake. Mwanzoni tulimcheka kidogo. Baadaye tukazoea.

Muswada ulisomwa mara ya pili Alhamisi moja ya mwaka 2011, majira ya kuchipua. Nilibadilishana zamu kwenye ghala nilikofanya kazi ili nimsindikize. Tulikaa roshani ya wageni, na askari wa bunge akatuonya mapema kwamba huko juu hakuna kupiga makofi. Wabunge wa vyama vyote walisema maneno mazuri. Walimtaja Jason kwa jina, wakalitamka vizuri. Ulipopita, wote wakasimama, wakageuka kumtazama mama yake, wakapiga makofi marefu. Whitcombe akapanda mpaka kwetu, akamkumbatia, akasema, "Tumefanikiwa, Anita."

Sasa nieleze kosa letu, maana Mkanada asingelifanya. Sisi tulikulia Tanzania ya chama kimoja. Kule muswada ukishapigiwa makofi na bunge zima, umekwisha kuwa sheria, na aliyebaki na swali alimeze. Haikutujia akilini, mimi wala yeye, kwamba watu wanaweza kusimama wote, wakapiga makofi mpaka viganja viwake, halafu wakaenda nyumbani bila kufanya kitu.

Jumapili yake Mama Jason aliomba Misa ya shukrani. Aligawa dodoli mlangoni pa kanisa, vipande vikubwa, kwa anayemjua na asiyemjua. Kisha ukumbini, mbele yetu sote, akatia vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe cha chai, akakoroga, akafumba macho, akanywa. Nilimwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Baadhi yetu tulilia kwa furaha.

Candice ndiye aliyetuambia, jioni ya siku hiyo hiyo. Alikuwa amesoma kwenye kompyuta yake. Alimweleza mama yake kwa Kiingereza, polepole, kwamba hiyo ilikuwa hatua ya katikati tu. Bado kulikuwa na kamati, kisha kusomwa mara ya tatu, na serikali isipotaka kuupanga kwenye ratiba unakaa palepale. Mama Jason alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alikwenda bafuni akajitapisha.

Uchaguzi uliitishwa mwaka uleule, bunge likavunjwa, na kila muswada ambao haujakamilika ukafa. Ndivyo wanavyosema wenyewe, kwamba muswada umekufa. Mama Jason aliposikia neno hilo alishika ukingo wa meza yangu.

Akaamini kwamba ameuua yeye. Alisema alikuwa ameionja sukari kabla ya wakati, tena baada ya Misa ya shukrani, na Mungu si wa kuchezewa. Paroko alimwita akamwambia kwamba aliyekosea bila kujua hana dhambi, tena kwamba yeye paroko ana uwezo wa kumwondolea nadhiri yote. Alikataa. Alimwambia, kwa adabu, kwamba hakumwahidi paroko. Akaanza nadhiri upya.

Nilimkasirikia sana. Niliona anambebesha Mungu mizigo ya wanasiasa. Nilimwambia hivyo, naye akanifungia mlango kwa muda mrefu, mpaka Candice akatupatanisha.

Whitcombe alichaguliwa tena, akaurudisha muswada. Mwaka 2012 kikao cha bunge kikafungwa ghafla, ukafa. Akaurudisha tena, ukasomwa mara ya pili, makofi yakapigwa, Mama Jason akasimamishwa atazamwe. Safari hii hakutabasamu. Ukaenda kamatini, ukakaa. Mwaka 2014 uchaguzi mwingine, ukafa. Baada ya hapo Mheshimiwa alisema anatafuta wakati mwafaka. Ahadi ni deni, lakini wapo watu wanaokaa na deni mpaka wanalizoea kama samani ya nyumba. Kila mwezi Mama Jason alipanda basi la barabara ya Kipling na sambusa za moto kwenye mkoba, akazipeleka ofisini kwake, na kila mwezi akarudi na salamu za Mheshimiwa.

Alizeeka vibaya katika miaka hiyo. Alikonda, akaacha kazi, Candice akaolewa akahamia Calgary. Nilikuwa nikimgongea baada ya zamu, tunakunywa chai, yangu na sukari, yake bila. Kalenda ya Mtakatifu Antoni ukutani kwake iliandikwa kwa Kireno na hakuna aliyeweza kuisoma. Aliniambia mara moja kwamba haikumbuki tena sauti ya Jason, anaikumbuka ya Whitcombe akimtaja.

Mwaka 2018 Mheshimiwa akatangaza kustaafu. Tukaalikwa kumuaga, mchana mmoja wa mwezi wa tano, katika ukumbi wa jumuiya. Mama Jason alivaa gauni alilovaa siku ya makofi. Mlangoni tulipewa kipeperushi cha karatasi nzito chenye picha ya Whitcombe akipeana mikono, na chini yake kichwa cha maneno: miswada yake iliyokuwa sheria. Palikuwa na mmoja tu. Ulianzisha Siku ya Shira ya Mepo, kuwaenzi wakulima wanaogema utomvu wa ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, na kuupika mpaka uwe shira. Kwa kumbukumbu ya sheria hiyo kila mgeni alipewa kichupa cha shira chenye utepe mwekundu.

Mama Jason alikisoma kipeperushi mbele na nyuma. Kisha akamwendea Whitcombe.

"Mheshimiwa, wa Jason uko wapi?"

Whitcombe alimshika mikono yote miwili. Alimweleza kwa upole kwamba pale waliweka ile iliyofika mwisho tu. Mama Jason akamuuliza huu wa shira ulichukua miaka mingapi. Naamini kama yule mzee angekuwa mwongo kamili angetuokoa sote. Alisema ulisomwa mara zote siku moja. Mwisho wa kikao cha 2013 vyama vilikubaliana kila kimoja kitoe muswada mmoja mdogo upitishwe bila kupingwa, na chama chake kilimwachia yeye nafasi.

"Wa Jason ulikuwa kamatini wakati huo," Mama Jason alisema.

"Wenye viwanda wangepiga kelele, Anita. Wa shira haukuwa na mpinzani."

"Kwa hiyo ulichagua."

Alijibu kitu juu ya kijana anayegombea kiti chake, kwamba ana moyo mzuri, kwamba pengine yeye atauwasilisha. Mpiga picha alikuwa akimwita. Alimbusu Mama Jason shavuni, akaenda.

Tulirudi kwa basi. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilishindwa kusoma majina ya vituo. Tulipofika alinikaribisha ndani, akachemsha chai ya maziwa na tangawizi kama ya siku zote, akamimina vikombe viwili. Nilijitilia sukari. Yeye alitoa kile kichupa mkobani, akafungua utepe, akakunja utepe vizuri akauweka pembeni. Nilipoelewa anachotaka kufanya nilimkamata mkono. Nilimwambia asubiri, kuna mbunge mpya anakuja, huenda huyu akawa mtu. Mimi, niliyemkejeli kwa nadhiri hiyo miaka yote, ndiye niliyekuwa namsihi aishike.

Aliutoa mkono wangu bila nguvu. Akamimina kichupa chote kwenye kikombe, akakoroga, akanywa mpaka chini bila kupumzika, macho wazi.

"Sasa Jason amekufa, Leonce," alisema.

Kisha aliniomba nimwoshee vikombe, kwa sababu alikuwa amechoka na alitaka kulala.