Mlango Nilioupiga Teke

Mimi ndiye niliyempa yule mpiganaji masharubu. Hakuwa nayo. Hakuwa hata mwanaume, ila hilo sikulijua mpaka kitabu cha mwisho. Na nilipolijua nikafanya jambo ambalo hadi leo likinijia nikiwa napiga pasi, nasimama pale pale na kanzu ya watu inataka kuungua.

Vitabu vyenyewe sikuvisoma. Mimi darasa la saba, Kiingereza changu kinaishia "yesi madamu". Aliyekuwa akivisoma ni binti wa nyumba ninayofanya kazi, hapa Bawshar, nchi ya Waarabu, msichana wa chuo. Wazee wake walitoka Unguja, kwa hiyo nyumbani kwao Kiswahili kipo, kitamu kuliko changu. Mimi napiga pasi, yeye kapanda juu ya mashine ya kufulia, anamenya machungwa na kunisimulia.

Ilikuwa hadithi ya nchi ya uchawi. Kuna mganga alifungiwa mnarani akateswa. Alipotoka akawa hawezi tena kutibu, maana hataki kugusa wala kuguswa. Na kuna mpiganaji aliyemtoa mle, akampenda. Binti anasimulia, "akamwambia, akamngoja, akamfunika". Sasa hiyo "a" ya kwetu haikuambii mtu kavaa suruali au gauni. Mganga alikuwa na nywele za kusuka, nikajua mwanamke. Mpiganaji alikuwa na upanga, nikajua mwanaume. Masharubu nikaongeza mwenyewe, bure.

Ijumaa ndiyo siku yangu ya kutoka. Naenda mtaa wa Wadi Kabir, kwenye chumba cha juu ya gereji wanapokaa wanawake watano wanaosafisha maofisi. Pale ndipo nilipokuwa msanii. Nasimulia nilichosikia wiki nzima, naongeza chumvi, naigiza sauti, watu wanashika mbavu.

Mmoja wa hao watano ni rafiki yangu, tulikuja ndege moja. Nyumba aliyopelekwa mwanzo haikuwa kama yangu. Hajawahi kunisimulia yote. Alichoniambia ni kwamba mlango wa chumba chake haukuwa na ufunguo, akawa anausukumia kitanda, na siku moja ukapigwa teke. Akaishia hapo. Siku hizi analala mlango wazi. Wenzake wakilalamikia mbu, anawaambia wakaolewe na neti.

Yeye hakuwa mtu wa kucheka maigizo yangu. Alikuwa mtu wa maswali. "Mganga anakula sasa? Bado anaota?" Tulipofika mahali ambapo mganga anaishi kibandani na mpiganaji analala nje kizingitini, mvua na jua, anangoja aitwe, aliniuliza kila Ijumaa.

"Kaitwa?"

"Bado."

"Na hajaugusa mlango?"

"Hajaugusa."

"Basi huyo si mwanaume."

Chumba kizima kikaangua kicheko. "Kama ni mwanaume mtuonyeshe, tumuweke makumbusho!" akasema mama wa Kiganda, mkubwa wao, anayewaongoza kwenye sala. Mimi nilicheka kuwashinda wote.

Kisha binti akamaliza kitabu cha mwisho. Aliingia kwenye chumba cha pasi macho mekundu.

"Khalas, kimekwisha. Wameoana."

"Nani kaoa?"

"Hapana alooa. Wameoana."

"Haiwezekani. Lazima mmoja aoe mwingine aolewe, la sivyo hicho ni kikao tu."

Akaniangalia kama mtu aliyeona mjusi anavaa viatu. "Wote wanawake wale. Siku zote hizi weye ulikuwa unafikiri nini?"

"Nilishampa masharubu!"

Alicheka hadi akashuka kwenye mashine. Halafu akanisimulia mwisho taratibu, na mimi nikazima pasi, kitu ambacho sijawahi kufanya. Ulikuwa mwisho mzuri. Hakuna aliyemponya mwenzake kwa dawa. Mmoja alingoja, mwingine akafungua alipotaka mwenyewe, basi.

Wiki nzima rafiki yangu alikuwa ananitumia ujumbe: mlango je? Nikamjibu, ningoje Ijumaa.

Ijumaa chumba kilijaa. Mama wa Kiganda alizima hata mahubiri kwenye simu yake. Nikawatazama. Nikawaza, nikisema wote wanawake, wataniuliza haya umeyapata wapi na wewe ni wa namna gani, na maneno ya chumba kile yanafika Bawshar kabla yangu. Niliogopa, ndiyo. Lakini nisisingizie woga tu. Nilijua pia kwamba mwisho wa kweli hauchekeshi, na mimi nilitaka wacheke.

Nikasema, "Mpiganaji akachoka kungoja. Akasokota masharubu. Akasema, kwani mimi mlinzi wa benki?" Nikarudi nyuma hatua tatu, nikaupiga teke mlango wa chumba. Ukagonga ukuta, paa!

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nilipogeuka kumtafuta rafiki yangu, hakuwa alipokuwa amekaa. Alikuwa kwenye kona, nyuma ya friji, kichwa katikati ya magoti, mikono juu ya kichwa. Wenzake wakazidi kucheka. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Wiki nzima hakupokea simu. Ijumaa iliyofuata nilienda mapema, wenzake wakiwa kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa. Nikamkuta anasukuma chapati.

"Nimekuja kukwambia mwisho."

"Nimeshausikia."

"Ule niliutunga."

Akaendelea kusukuma. "Kwa nini?"

Mimi nina jibu la kila kitu, waulize wote. Siku hiyo nilikuwa na moja tu, na lilikuwa baya. "Nilitaka wacheke."

"Wakacheka."

"Wakacheka."

Nikamsimulia kama nilivyosimuliwa. Nikamwambia wote wanawake. Hata hakushtuka. "Si nilisema mimi?" Akauliza kama mganga alifungua mwenyewe. Mwenyewe, nikamjibu, asubuhi, hakuna aliyemwita. Akauliza kama mpiganaji aliingia. Nikasema hakuingia, mganga ndiye aliyetoka, akaketi naye kizingitini. Akaacha kusukuma. Chapati iliyokuwa jikoni ikaungua, hatukuigusa.

"Wakirudi utawaambia," akasema.

"Wataninanga."

"Watakunanga."

Waliporudi, nikasimama mbele yao na uso unawaka moto. Niliposema wote wanawake, mama wa Kiganda akaguna, "Mungu ayasamehe masikio yangu," lakini hakuinuka. Hakuna aliyecheka, na mimi sikuwatafutia kicheko. Kisha mama akauliza, "Sasa yule wa teke alikuwa nani?"

"Hayumo, mama. Yule nilikuwa mimi."

Akamtazama rafiki yangu, akaitazama ile kona ya friji, akashika mdomo. Wengine wakainamia vikombe vyao. Nilitamani gereji nzima iniangukie.

"Endelea," rafiki yangu akasema. "Kaketi kizingitini. Halafu?"

Nikaendelea, polepole, bila kuongeza kitu.