Siku Mume Wangu Alipokataa Firigisi

Mume wangu aliacha nyama kwanza, kanisa baadaye. Ilikuwa miaka ya tisini, tukiishi mtaa wa Jericho, naye akiwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja huko Industrial Area. Mhasibu wa pale, mzee wa Kihindi aliyekaribia kustaafu, ndiye aliyempa vile vitabu. Sitaki kumsingizia mzee wa watu. Alipokuja kwetu alivua viatu mlangoni, akanywa chai, akauliza watoto wako darasa la ngapi. Kama alikuwa na ubaya, mimi sikuuona.

Vitabu vilikuwa vya Theosofia, neno ambalo hata leo ulimi wangu unalikwepa. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaeleza nilivyoelewa, na huenda nilielewa kombo. Vilisema kwamba nyuma ya milima ya theluji, huko juu ya India, wako Walimu Wakuu, watu wa mwili na damu kama sisi ila wamekomaa kiroho, na kwamba mtu akijitakasa miaka mingi mmoja wao anaweza kumchukua awe mwanafunzi wake. Mume wangu alilitaka hilo. Alfajiri aliketi mkekani, mgongo wima, akitazama ukuta mtupu. Mimi kitandani nilijifanya nimelala huku nikisikiliza kama anapumua.

Lakini kilichonitia hofu hasa ni kisa alichonisimulia tukichambua ndengu. Zamani, alisema, zaidi ya miaka mia, chama chao cha Theosofia kikiwa bado kichanga, kijana mmoja wa India wa ukoo wa kitajiri alimpata Mwalimu wake. Akaacha mali ya babake. Akaacha mke aliyeozwa tangu utotoni. Akafanya kazi ya chama usiku na mchana hadi akaanza kutema damu, kisha siku moja akashika njia ya kwenye theluji kumtafuta Mwalimu. Wapagazi walirudi na mizigo yake. Yeye hakurudi.

Mume wangu alikisimulia kama mtu anayesimulia harusi.

"Na mke?" nikamuuliza.

Akaokota kokoto kwenye ndengu. "Kitabu hakisemi sana."

Tangu hapo akichelewa kutoka kazini nilikuwa natoka hadi barabarani, nikirudi natazama kama nguo zake bado ziko msumarini. Najua ni ujinga, mtu wa Jericho atafikaje kwenye theluji na mshahara wa stoo, lakini hofu haipigi hesabu. Na wa kumweleza sikuwa naye. Miaka ile kila mtu alikuwa akinong'ona habari za waabudu shetani, mimbarini hayo, bombani hayo. Akina mama wa kanisa wangekuja kuniombea, sikatai, na wangeomba kwa moyo wote. Ila wangetoka na maneno, na maneno ya aina ile mtaani kwetu yaliweza kuishia kwa mawe. Nikanyamaza.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Kakamega na kuku kwenye kikapu. Shemeji yangu mkubwa naye akapanda kutoka Mathare kumwamkia mamake. Nikachinjisha, nikapika. Sasa, kwetu Waluhya, firigisi ya kuku ni ya baba wa nyumba. Mwanamke haili. Mke akipika kuku na firigisi isionekane kwenye sahani ya mume, hapo kuna kesi. Nikaiweka kwenye sahani yake, nikitumaini kwamba kwa ajili ya mamake angeimeza tu yaishe.

Shemeji alianza utani: tangu lini Mluhya akawa mbuzi, anaangalia kuku na kutamani majani. Tulicheka, hata mume wangu. Kisha mume wangu akaishika firigisi kwa vidole, taratibu, akaiweka kwenye sahani yangu.

Kicheko kilikatika. Angempa kaka yake, ingekuwa heshima. Angempa mwanetu, ingekuwa mchezo. Kunipa mimi nilielewa kwa namna moja tu: ananikabidhi nyumba, na anayekabidhi ni msafiri.

"Unaenda?" nikamuuliza mbele yao wote.

"Sijaitwa bado."

Mama mkwe aliweka tonge chini. Hakupaza sauti. "Mimi ndiye niliyekuita kwanza," akamwambia, "nikakuita kabla hujawa na masikio."

"Ndiyo, mama."

Akanigeukia, akaniambia nile. Nikasema mimi ni mwanamke. Akajibu, "Nyumba umepewa wewe, nimeona kwa macho yangu. Kula." Nikaila. Ilikuwa ngumu, maana moto niliuharakisha. Aliponiona nimemeza akamrudia mwanawe: basi siku akiitwa ataomba ruhusa kwa mwenye nyumba, si kuamka tu na kushika njia. Mume wangu alifikiri kama anayekagua mizigo stoo, mwishowe akasema ni haki. Shemeji akanong'ona kwamba serikali imepinduliwa. Hakuna aliyecheka.

Miezi ikapita. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nje nikifua blanketi, akaja akasimama kando ya beseni.

"Mama watoto, naomba ruhusa."

Nikaliachia blanketi likazama majini. Nikamuuliza kama ameitwa. Uongo hakuuzoea, lazima niseme hivyo. Alisema hana hakika, alisikia kitu alfajiri, pengine ni sauti, pengine ni mawazo yake mwenyewe.

"Basi hapana," nikasema.

Hadi leo sijui kama nilimwokoa mume au nilimzuia mtu aliyekuwa anatafutwa na wema mkubwa kuliko mimi. Hakubishana. Alikunja mikono ya shati, akashika upande mmoja wa blanketi, nami nikashika wa pili, tukalikamua, yeye akisokota kwake na mimi kwangu, maji yakitumwagikia miguuni. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. Na utulivu ule ndio ulionitisha kuliko yote. Neno moja tu nilisema, naye akatii. Nikawaza, mtu anayetii hivi, siku yule Mwalimu akimwita waziwazi, mimi nitamshika na nini?